Tano za Kupigwa, Tatu za Kunyamaza

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi mbele ya walimu wa muziki na vijana wa bendi za shule. Nayaweka yote hapa kwa ombi la waliokosa kufika. Niliyoyaonyesha kwa ngoma nimejitahidi kuyaeleza kwa maneno.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za mchana. Na nyinyi vijana mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango, nawaona. Mlango huo haufunguliwi mpaka nimalize.

Nimeambiwa nizungumzie muziki wa kijeshi. Watu wakisikia bendi ya jeshi wanakumbuka sherehe: uwanja, jua kali, mgeni rasmi, matarumbeta yanang'aa. Mimi nimepiga ngoma bendini miaka mingi, na kila tulipopita barabarani watoto walitufuata mbio wakicheza. Raha tupu. Lakini leo nataka tuende Ulaya, tena Ulaya ya miaka 300, 400, 500 iliyopita, tukamtazame mtu mmoja anayeitwa mpiga ngoma wa askari wa miguu. Huyo hakuwa wa kuchangamsha sherehe. Huyo alikuwa ulimi wa mkubwa wake. Kapteni bila mpiga ngoma alikuwa bubu.

Wahenga wametuambia mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Swali langu leo: jambo gani? Na anayelisema ni nani?

Tuanze na siku moja. Tarehe 2 Machi 1476, mji wa Grandson, kando ya ziwa, Uswisi. Upande mmoja yuko Charles, mtawala wa Burgundy, tajiri wa kutisha: mizinga, wapanda farasi, mahema ya fahari, vyombo vya dhahabu. Upande wa pili Waswisi, watu wa milimani, wengi wao wakulima na wachunga ng'ombe, wameshika mikuki mirefu, wamejipanga wakabanana kama miti ya boma. Charles anataka kuwavuta Waswisi waingie mahali ambapo mizinga yake itawapata vizuri. Anaamuru vikosi vya mbele virudi nyuma kidogo vijipange upya. Akili nzuri hiyo au mbaya? Nzuri kabisa! Sasa niambieni: askari aliye nyuma, ambaye hakusikia amri, ameona nini? Ameona wenzake wanarudi. Na wakati huohuo, kutoka msituni, kikosi kikuu cha Waswisi kinachomoza, pembe zinalia. Zilikuwa pembe kubwa, zenye majina kama watu: Fahali wa Uri, Ng'ombe wa Unterwalden. Wenzangu wa Lamu na Pate, nyinyi mnaojua siwa, mtanielewa ninaposema pembe yenye heshima zake.

Jeshi la Charles likatimua mbio. Waliokufa siku ile hawakuwa wengi, maana hawakusubiri kupigana. Walichoacha ndicho kilikuwa kingi: mizinga yote, hazina yote, hata vito.

Charles alikuwa na amri sahihi. Alichokosa ni sauti ya kuifikisha amri ile kwa mtu wa nyuma, sauti ya kumwambia: tunajipanga, hatukimbii. Waswisi walikuwa na sauti. Basi.

Kutoka kwa Waswisi, na kwa mamluki wa Kijerumani waliowaiga, Ulaya nzima ilijifunza kitu kimoja: askari wa miguu hatembei bila ngoma na filimbi. Ngoma yenyewe ilikuwa kubwa, mwili wake wa mbao, imewambwa ngozi pande mbili, kamba zinapita juu na chini kuikaza, na kwenye ngozi ya chini zimepitishwa nyuzi za utumbo ili itoe ule mlio wa kukwaruza. Ilining'inia ubavuni kushoto, inampiga mtu pajani kila hatua. Mvua ikinyesha ilikuwa balaa. Hilo nalijua kwa mwili wangu. Nikiwa kijana, bendi yetu bado na ngoma za ngozi, tulinyeshewa katikati ya gwaride. Ngozi ikalegea. Napiga kwa nguvu zangu zote, kinachotoka ni kama mtu anayepiga gunia la unga. Mstari wa nyuma ukapotea hatua, wakaanza kukanyagana visigino. Mkubwa wetu alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau hadi leo. Na gwaride lenyewe lilikuwa la sherehe tu! Fikirini mtu yuko vitani.

Sasa nyoosheni mikono, tupige makofi. Nafuata maelekezo ya padri mmoja Mfaransa wa mji wa Langres, Jehan Tabourot. Mwaka 1589, akiwa mzee, kilitoka kitabu chake cha kufundisha dansi. Ndiyo, padri, kitabu cha dansi! Kitabuni alijiita Thoinot Arbeau, ni jina lake lilelile amelivuruga herufi. Kabla ya kufika kwenye dansi za ukumbini anaeleza mwendo wa askari. Pigo la Kifaransa, anasema, ni hesabu ya nane. Tano unapiga, tatu unanyamaza. Twende: pa, pa, pa, pa, pa, kimya, kimya, kimya. Tena! Pa, pa, pa, pa, pa, kimya, kimya, kimya. Mguu wa kushoto unatua kwenye la kwanza, wa kulia kwenye la tano.

(Hapa ukumbi uliburuta mpaka mara ya nne ndipo tukapatana. Vijana wa nyuma walipata kabla ya walimu. Sitasema zaidi.)

Kwa nini zile tatu za kimya? Mbona asipige nane zote? Yule padri anajibu vizuri sana. Mapigo yote manane yakifanana, aliyepotea hatua atajuaje pa kuanzia? Kimya ndicho kinachomwonyesha. Askari amejikwaa kwenye jiwe, hatua imemtoka. Anasubiri kimya, kimya kinakwisha, anaweka mguu wa kushoto, amerudi kwa wenzake. Mimi nilifundishwa ngoma kwa fimbo na matusi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kunyamaza nako ni kupiga.

Msidhani lakini kwamba tangu hapo majeshi yote ya Ulaya yalitembea kama mguu mmoja. La. Ujuzi huo ulilegea, kama ngozi yangu mvuani. Tukiruka mpaka mwaka 1732 tunamkuta Maurice de Saxe, ambaye baadaye alikuwa Jemadari Mkuu wa Ufaransa, mgonjwa kitandani, anaandika mawazo yake juu ya vita kwa usiku 13, kwa hesabu yake mwenyewe. Analalamika: askari wanajikokota ovyo, safu zinavutika, kisha tunashangaa hatufiki pamoja. Dawa? Watembezwe kwa mapigo. Anatoa mfano ambao ungedhani amekaa na sisi ngomani: watu wanacheza usiku kucha hawachoki, lakini hebu mchezeshe mtu robo saa bila muziki uone kama atavumilia. Nani hapa hajakesha kwenye harusi kisha asubuhi akashindwa kutembea mpaka kituo cha basi? Ndicho alichokisema Jemadari.

Na wakati wake hoja hiyo ilikuwa na uzito mpya. Mikuki mirefu ilikuwa imeshaachwa, kila askari sasa ana bunduki yenye singe, na nguvu ya kikosi ni kupiga risasi pamoja, bega kwa bega. Mkienda bega kwa bega bila kukanyaga hatua kwa pamoja, mtaangushana wenyewe kabla ya adui. Waprusia, watu wa ufalme mmoja wa Kijerumani, walilishika somo hilo mapema, wengine wakafuata.

Mwendo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni lugha. Kila pigo lilikuwa neno. Alfajiri pigo la kuamka. Kuna la kukusanyika, la kung'oa mahema, la hatari, la kusonga mbele, la kurudi. Na kila taifa lilikuwa na mwendo wake, kiasi kwamba ukisikia ngoma gizani unajua anayekuja ni Mwingereza, Mfaransa au Mswisi.

Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alilichukulia jambo hili kwa uzito hata akalitolea waraka mwaka 1632. Mwendo wa kale wa Kiingereza, anasema, umeharibiwa na uzembe wa wapiga ngoma, kila mmoja anaongeza chake. Ndugu yake, marehemu Henry, alikwisha kuurekebisha mwaka 1610 kule Greenwich. Sasa wapiga ngoma wote wa Uingereza na Wales waufuate kama ulivyoandikwa, bila kuongeza, bila kubadilisha. Kisha pigo lenyewe linaandikwa, na limeandikwaje? Kwa mlio wa mdomo! Pou tou pou tou poung. Walimu, si ndivyo tunavyofundisha? Fundi wa ngoma wa kwetu anakwambia kwanza kwa mdomo, ndipo anakupa fimbo. Mfalme mzima ameweka mkono wake chini ya "pou tou poung".

Kuhusu mwendo huo kuna kisa kinachosimuliwa. Jemadari wa Kifaransa, Biron, alimtania kamanda aliyeitwa Sir Roger Williams: ngoma yenu nyie ni nzito, inajikokota. Williams akamjibu: pamoja na kujikokota kwake, imeivuka nchi ya bwana wako kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. (Kicheko.)

Na Waholanzi je? Wao walikuwa na pigo la jioni. Mpiga ngoma anazunguka mitaa ya mji wenye askari, na maana ya ngoma yake inawahusu wenye vilabu vya pombe: doe den tap toe, funga bilula ya pipa. Bilula ikifungwa, askari hana sababu ya kukaa, arudi akalale. Maneno hayo yakakunjwa yakawa neno moja, taptoe, Waingereza wakasema tattoo, na leo hii katika nchi nyingi ndilo jina la maonyesho makubwa ya bendi za kijeshi, yenye taa na fataki na viti vya kulipia. Asili yake ni amri ya kufunga baa!

Sasa, mtu anayebeba lugha yote hiyo ni mtu wa namna gani? Picha za kuchora zimetuzoesha kitoto cha miaka 10 chenye macho ya huruma. Watoto walikuwapo, lakini wengi walikuwa watu wazima, na iliwapasa wawe hivyo. Mwingereza mmoja wa karne ya 16, Ralph Smith, alieleza sifa zao. Awe mwaminifu. Awe msiri. Awe na akili nyepesi na mwili wa kuiweza kazi. Na ajue lugha kadhaa. Lugha za nini kwa mpiga ngoma? Kwa sababu ndiye anayetumwa kwa adui! Kudai mji ujisalimishe, kukomboa mateka, kupeleka salamu. Akikamatwa, asitoe siri kwa zawadi wala kwa mateso. Huyo si mwanamuziki tu, wazee wangu, huyo ni balozi mwenye fimbo mbili.

Acheni niwaonyeshe balozi mmoja kazini. Tarehe 17 Oktoba 1781, Yorktown, Virginia. Jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Cornwallis limezingirwa na Wamarekani, wanaopigania uhuru wao, na Wafaransa. Mizinga zaidi ya 100 inaunguruma. Asubuhi, kama saa nne, mtu mmoja mwenye koti jekundu anapanda juu ya ukuta wa udongo wa Waingereza, peke yake, anaanza kupiga pigo la kuomba mazungumzo. Afisa mdogo wa Kimarekani, Ebenezer Denny, alikuwa pale na aliandika alichokiona. Na anasema nini? Anasema ngoma haikusikika! Mizinga iliimeza. Kama wasingeliona lile koti jekundu, yule mtu angepiga mpaka siku ya kiyama. Walimwona ndipo wakaacha kufyatua, kundi moja la mizinga baada ya jingine, na ukimya ulipotanda ndipo ngoma ikasikika. Denny anaandika kwamba hajawahi kusikia ngoma iliyoifikia ile kwa utamu. Nyuma yake akatokea afisa na leso nyeupe, akapokewa, akafungwa kitambaa machoni asione ngome ya wenzao, akapelekwa.

Mnaona lile koti? Halikuwa pambo. Katika vikosi vingi vya Kiingereza mpiga ngoma alivaa rangi zilizogeuzwa: wenzake wakiwa na koti jekundu lenye kola ya njano, yeye ana koti la njano lenye nyekundu, ili katika ule moshi mzito wa baruti mkubwa wake ajue ulimi wake uko wapi. Huyu wa Yorktown, kwa bahati, Denny alimwona amevaa nyekundu. Jina lake halikuandikwa popote ninapopajua. La Cornwallis tunalo, ingawa siku ya kujisalimisha, tarehe 19, Cornwallis alisema anaumwa akabaki ndani.

Na hata siku ile ngoma ziliingia kwenye mkataba. Desturi ya heshima iliwaruhusu walioshindwa kwa ushujaa kutoka wakipiga mwendo wa mshindi, kama kusema: tumepigana sawasawa. Mwaka mmoja kabla, kule Charleston, Waingereza waliwanyima Wamarekani heshima hiyo. Sasa Wamarekani wakalipiza: mtatoka bendera zimekunjwa, na ngoma zenu zitapiga mwendo wa Kiingereza au wa Kijerumani. Watu wameshinda vita, wana jeshi zima mikononi, na bado wanagombania wimbo.

Nimemsifu sana mpiga ngoma. Sasa nimshushe kidogo, au tuseme niseme jinsi jeshi lenyewe lilivyomshusha. Mpiga tarumbeta alikuwa mtu wa mfalme na wa wapanda farasi. Kulikuwa na Mwafrika mmoja, John Blanke, mpiga tarumbeta katika ikulu ya Uingereza, ambaye mwaka 1507 alilipwa peni 8 kwa siku. Henry wa Nane alipotawala, Blanke akamwandikia kwamba wenzake wanapata zaidi, naye akaongezewa mara mbili. Mpiga ngoma wa miguu aandike barua kwa nani?

Tena alipewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Katika jeshi la Kiingereza la karne ya 18, askari akihukumiwa viboko, wanaochapa ni wapiga ngoma. Mikono iliyozoea fimbo, walifikiri. Mkosaji anafungwa kwenye silaha za masajini zilizosimamishwa pembetatu, mpiga ngoma anavua koti, anachapa viboko 25, anampisha mwenzake, naye 25, na mkuu wa wapiga ngoma anasimama kuhakikisha hakuna anayechapa kwa huruma. Asubuhi amekuamsha, mchana amekuongoza, jioni anakuchapa.

Kikosi cha 29 cha askari wa miguu kilikuwa na wapiga ngoma weusi. Walianzia mwaka 1759, Waingereza walipoiteka Guadeloupe: Amiri Boscawen alichukua vijana 8 au 10 kutoka kisiwani, akampa kaka yake aliyekuwa kanali wa kikosi hicho, kama mtu anavyoleta zawadi kutoka safarini. Kikosi kikawapenda, kikaendelea na desturi hiyo mpaka mwaka 1843. Mwaka 1768 kikosi kilipelekwa Boston, Marekani, mji uliokuwa na watumwa weusi majumbani. Na pale uwanjani, mbele ya watu wa mji, askari wazungu walivuliwa mashati wakachapwa na wapiga ngoma weusi. Watu wa Boston waliandika wakishtuka. Mimi nimesoma habari hiyo mara nyingi na kila mara najiuliza yule kijana alikuwa akifikiri nini mkono ukiwa juu. Alitolewa kisiwani bila kuulizwa, sasa anashika mjeledi bila kuulizwa. Mwezi Machi 1770, siku chache kabla ya risasi zilizoua watu 5 pale Boston, kulikuwa na ugomvi wa rungu kati ya askari wa kikosi hicho na mafundi wa karakana ya kamba, na mpiga ngoma mmoja mweusi alikuwamo humo kati.

Dakika zangu zinakwisha, nawaona mnavyoitazama saa. Nipite haraka. Ngoma kubwa na matoazi mnayoyapenda nyinyi vijana hayakuwa ya Ulaya. Yaliingia huko kutokana na bendi za Waturuki, mehter, ambazo Wazungu walizisikia zikija na majeshi ya Sultani, na zilipoacha kuwatisha wakaanza kuziiga. Karne ya 18 ikiishia, askari wa mbele wakaanza kutawanyika, mmoja nyuma ya mti, mwingine nyuma ya jiwe, na ngoma ya pajani haijifichi nyuma ya jiwe. Pembe na tarumbeta dogo vikaichukua kazi. Ngoma ikabaki gwarideni, na gwarideni, sasa hapo ndipo naingia nyumbani kwa mlango wa halali, ndipo wakoloni walipoileta pwani yetu. Watu wa Lamu na Mombasa wakaitazama bendi, wakaliita beni, wakalifanya lao, na maaskari wakalisambaza bara. Marini na Arinoti, vyama viwili vya beni, wakashindana kwa mavazi, kwa vyeo na kwa ngoma. Babu yangu alikuwa Marini, na bibi yangu alikuwa Arinoti. Nyumba ile haikuwahi kuwa na amani.

Ngoma ninayo hapa mezani, ni ya ngozi, nimeianika juani tangu asubuhi. Nataka kijana mmoja wa nyuma aje aipige ile tano na tatu, na walimu wote wasimame watembee kuelekea nje kwa hesabu hiyo. Kushoto kwenye la kwanza, kulia kwenye la tano. Atakayepotea asubiri kimya. Wewe, mwenye shati jeupe, njoo. Na mwenzako hapo afungue mlango.